Usiniulize Mimi, Liulize Gobore Lako

Kila mwaka, majani yakianza kugeuka rangi huku Pennsylvania, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile: "Kaka, nimenunua gobore la .50. Nitie baruti kiasi gani, na risasi ipi?" Leo anauliza Mkongomani wa Iowa aliyevutwa porini na wenzake wa kazini. Jana alikuwa Mkenya wa Ohio. Juzi alipiga mama mmoja wa Tanga ambaye mwanawe anaingia msimu wake wa kwanza wa kulungu, na mama anataka kujua kijana anashika nini mkononi.

Jibu langu huwaudhi wote: sijui. Muuza duka naye hajui, ingawa atakutajia namba bila kupepesa macho. Magobore mawili yaliyotoka kiwanda kimoja wiki moja hutofautiana kama ndugu wa tumbo moja. Hili linapenda greni 70 na kitambaa kinene, mwenzake anataka 85 na kitambaa chembamba. Mwenye jibu ni gobore lenyewe, na hulitoa kwenye karatasi ya shabaha. Wewe uliza swali moja moja, kwa utaratibu, na uandike unachojibiwa.

## Kwanza, makala haya hayamhusu nani

Hayamhusu mwenye gobore la kufuliwa kijijini. Wengi wetu tukisikia neno hili tunaona ile bunduki ya bomba la maji na kitako cha mbao kilichofungwa kwa mpira. Mtutu wa namna hiyo haujapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo hakuna kiasi cha baruti, hata kidogo, ninachoweza kukwambia ni salama. Tena Tanzania kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya ilifunga uwindaji wa burudani tangu 1977. Ukiwa nyumbani, soma kwa kujifurahisha.

Ninazungumza na mwenye gobore la kiwandani lenye kitabu chake, katika jimbo linaloruhusu. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 inayahesabu magobore mengi kuwa silaha za kale, ndiyo maana unaona watu wanayaagiza kwa posta kama viatu. Usidanganyike na hilo. Majimbo yana sheria zao, na kesi ya zamani au hadhi yako ya uhamiaji inaweza kukufungia mlango. Ulizia ofisi ya wanyamapori ya jimbo lako, na kama una wasiwasi na makaratasi yako, mwone mwanasheria kabla hujatoa pesa.

Kanuni za msimu nazo zinatofautiana. Colorado, kwa mfano, msimu wa magobore hauruhusu darubini, saboti (kikombe cha plastiki kinachovalishwa risasi nyembamba), wala baruti ya vidonge. California imepiga marufuku risasi zenye madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Jua unaruhusiwa kwenda na nini porini ndipo uanze kutafuta mchanganyiko wako, la sivyo utatafuta mara mbili.

## Mambo matano ambayo sibishani nayo

1. Baruti nyeusi, au mbadala uliotengenezwa kwa ajili ya magobore, basi. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kawaida za leo, hupasua mtutu na kumpasua aliye nyuma yake. Kopo lililopoteza lebo halitumiki, hata kama mjomba anakuapia kwamba anakumbuka lilikuwa la nini. Ukisikia kuna gobore lililojengwa kwa baruti isiyo na moshi, ni kweli lipo, ila si hilo lako.
2. Usimimine baruti kwenye mtutu moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa. Cheche ya mlio uliopita ikiwa bado imelala ndani, moto utapanda hadi kwenye chupa uliyoshika. Mimina kwenye kipimo, funga chupa, weka mbali, ndipo kipimo kiende kwenye mtutu.
3. Risasi ikae juu ya baruti, iguse. Ikibaki njiani na nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.
4. Lisipolipuka, lisubiri. Mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa dakika nzima. Baruti iliyolowa kidogo huweza kuchelewa, kisha ikaamka wakati umeshaanza kulichungulia.
5. Miwani, vizibo vya masikio, na uso wako usikae juu ya mdomo wa mtutu wakati wa kushindilia. Sigara iache garini.

Kiwango cha juu cha baruti kilichoandikwa kwenye kitabu cha gobore lako ndicho ukuta. Namba zote nitakazotaja hapa ziko chini ya ukuta huo au hazikuhusu.

## Tazama msokoto kabla hujanunua risasi

Ndani ya mtutu mna mifereji inayojizungusha kama nyuzi za skrubu, nayo ndiyo inayoisokota risasi itoke ikizunguka kama pia. Ukiona 1:66, maana yake mfereji unazunguka mara moja katika inchi 66. Namba hii inakuambia ununue nini kuliko tangazo lolote.

- 1:60 hadi 1:72, msokoto wa polepole: gololi ya risasi iliyofungwa kwenye kitambaa.
- 1:48, katikati: gololi huenda vizuri, na risasi za urefu mdogo nazo mara nyingi hukubali. Hawken ya Thompson/Center iliyoingia sokoni 1970 ina msokoto huu, kwa hiyo ukinunua gobore la mtumba kwa mzee fulani, huenda ndilo.
- 1:28 au karibu na hapo, wa haraka: risasi ndefu na risasi za saboti.

Yule Mkongomani wa Iowa alinipigia akiwa ameshamaliza boksi mbili za saboti na risasi zinapiga karatasi kwa ubavu, kila tundu kama tundu la funguo. Nikamuuliza msokoto. Kimya. Akaenda kusoma maandishi kwenye mtutu, akarudi: 1:66. Hakuna kiasi cha baruti ambacho kingemwokoa.

Kwa gololi, mtutu wa .50 kwa kawaida hula gololi ya .490, yenye uzito wa greni 177 hivi, na pengo linalobaki linazibwa na kitambaa. Madini yawe risasi laini, isiyochanganywa. Ikwaruze kwa ukucha: ikiacha mstari unaoonekana, ni laini ya kutosha. Risasi ya kuyeyusha kutoka kwenye vipande vya kusawazishia magurudumu ya gari ni ngumu, haishiki mifereji vizuri, na kuisukuma chini ni jasho tupu. Na baada ya kuishika, nawa mikono kabla hujagusa chakula au mtoto. Madini haya ni sumu, wala hayana haraka.

## Baruti: ipi, na kwa kipimo gani

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Greni ni kipimo cha uzito; ratili moja ina greni 7,000. Lakini gobore tunalipimia kwa ujazo, kwa kile kikombe cha shaba chenye mistari. "Greni 80" kwenye mazungumzo ya magobore maana yake ni nafasi ambayo greni 80 za baruti nyeusi zingejaza. Mbadala nyingi ni nyepesi kuliko baruti nyeusi kwa ujazo ule ule. Ukizipima greni 80 kwenye mizani ya dukani, umejaza kikombe na ziada, na ziada hiyo unaisikia begani kama una bahati. Isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kinakupa namba za mizani waziwazi, acha mizani nyumbani.

Majina utakayokutana nayo:

- Baruti nyeusi halisi. Chenga hupangwa kwa herufi F: FFg ni kubwa kiasi, hutumika .50 na kuendelea; FFFg ni ndogo, huwaka upesi zaidi, na ndiyo ya mitutu myembamba; FFFFg ni unga wa kisahani cha gumegume tu, yaani gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe. Wapo wanaotumia FFFg kwenye .50, ila kwa kiasi pungufu. Usihame kutoka FFg kwenda FFFg kwa namba ile ile.
- Pyrodex. Inahitaji joto zaidi kuwaka kuliko baruti nyeusi. Kwenye fataki nzuri, ile inayolipuka na kuwasha baruti, inakwenda. Kwenye gumegume inagoma.
- Triple Seven. Ina nguvu zaidi. Watengenezaji wenyewe wanasema upunguze asilimia 15 ukitaka kasi sawa na ya baruti nyeusi. Huacha pete ngumu ya masizi pale risasi ilipokaa, na mgeni hudhani risasi yake imekwama.
- Blackhorn 209. Safi, nzuri, ghali. Inataka fataki kubwa ya namba 209. Fataki ndogo ya gobore la zamani haiwezi kuiamsha.
- Vidonge. Baruti iliyoshindiliwa tayari, greni 50 au 30 kila kimoja. Ni rahisi kwa mikono yenye baridi, lakini huwezi kuongeza greni 5. Mtu mwenye vidonge anaruka hatua za ngazi tatu tatu halafu anashangaa.

Ushauri wangu kwa anayeanza: baruti moja, kopo la namba moja ya uzalishaji, mpaka umalize majaribio.

## Siku ya uwanjani

Nenda na hivi: kipimo, mdeki (fimbo ya kushindilia) imara wa shaba au wa nyuzi za kioo (ule wa mbao uliokuja na gobore uache wa porini), vitambaa vya kufutia si chini ya mia moja, maji yenye tone la sabuni, daftari, kalamu mbili, na kitu cha kuegemeza bunduki kisichocheza. Mifuko ya mchanga inatosha. Jaribio la kushikilia mkononi linakupima wewe, halilipimi gobore.

Hatua ya 1. Ondoa mafuta. Gobore lililokaa kabatini lina mafuta, na mafuta na baruti ni maadui. Pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke kikavu. Kisha, bila baruti wala risasi, elekeza mdomo karibu na jani ardhini na ulipue fataki mbili. Jani likitikisika, njia iko wazi.

Hatua ya 2. Weka alama kwenye mdeki. Ingiza mdeki kwenye mtutu mtupu, piga mstari pale unapokutana na mdomo. Ukishashindilia mzigo wako wa kwanza mpaka chini, piga mstari wa pili. Kuanzia hapo mdeki unakuambia mambo mawili bila kubahatisha: kama kuna kitu ndani, na kama kimefika. Ukibadili kiasi, badili na mstari.

Hatua ya 3. Anza chini, karibu. Karatasi iwe yadi 25. Kanuni ya wazee wa huku ni kuanza na greni sawa na namba ya mtutu: 50 kwa .50. Piga tatu. Kwa sasa usijali kama ziko katikati au pembeni. Tazama zimekaribiana kiasi gani. Katikati tutapatafuta kwa kusogeza kilengeo mwishoni.

Hatua ya 4. Futa kila baada ya mlio. Kitambaa chenye unyevu, kwenda na kurudi, kisha kikavu. Kila mlio, si kila baada ya mitatu. Mtutu wenye masizi ya mlio mmoja na wenye masizi ya mitano ni mitutu miwili tofauti. Unyevu uwe wa kitambaa cha kufutia miwani, kisije kikachuruzika hadi kwenye baruti inayofuata.

Hatua ya 5. Shindilia kwa nguvu zile zile. Sukuma mpaka risasi ikae, kandamiza mara moja kwa uzito unaoujua, basi. Kuutupa mdeki mpaka urukeruke kunaiponda pua ya risasi. Ukilegeza leo na kukaza kesho, karatasi itakushtaki.

Hatua ya 6. Panda kwa greni 10. 50, 60, 70, 80, 90, karatasi mpya kila ngazi, risasi tatu tatu. Andika juu ya karatasi yenyewe. Kumbukumbu yako saa tisa alasiri, masikio yakivuma, haina ushahidi.

Hatua ya 7. Rudi ulikoona dalili. Utakuta ngazi moja au mbili ambapo matundu yamejikusanya. Mfano 70 na 80. Siku nyingine, mtutu ukiwa safi na bega limepoa, piga tano tano kwa 70, 75, 80, safari hii yadi 50. Mshindi mpeleke yadi 100, au umbali ambao kweli utapigia porini. Macho yangu na vilengeo vya wazi huishia 75, na sioni aibu.

Hatua ya 8. Sasa badili kitu kingine, kimoja. Unene wa kitambaa. Au mafuta yake. Au aina ya risasi. Ukibadili viwili na mambo yakanyooka, hujui umshukuru nani.

## Kitambaa kinasema kweli

Nilipoanza nilikuwa natazama karatasi tu. Kulikuwa na mzee wa makamo ya baba yangu aliyekuwa akikaa benchi la mwisho, gumegume lake limeng'aa kwa miaka. Siku moja aliniona nimekunja uso: greni 80, risasi tano, matundu yametapakaa kama kuku wamemwagiwa mtama. Hakuuliza kiasi changu cha baruti. Alisubiri mpaka ikatangazwa kwamba hakuna anayepiga, akatembea mbele hatua kumi na kidogo, akainama, akarudi na vitambaa vyangu vitatu kwenye kiganja. Akanyanyua kimoja mbele ya jua. Katikati palikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu, kingo zake za kahawia, zinapukutika kama karatasi iliyopita juu ya mshumaa. Akapitisha kidole chake, akanichungulia kupitia tundu lile, akacheka. Risasi yangu ilikuwa inatoka uchi.

Tangu siku hiyo naokota kabla sijatazama matundu. Hutua mbele ya mdomo wa mtutu, mara nyingi kati ya hatua tano na ishirini. Vinavyosomeka ni hivi:

- Duara la masizi katikati, kingo zimechanika kidogo, kitambaa kizima: vizuri. Ungeweza karibu kukitumia tena (usikitumie).
- Kimeungua katikati: hakina mafuta ya kutosha, au ni chembamba kwa kiasi hicho cha baruti. Ongeza unene kwanza, kabla ya kupunguza baruti.
- Kimekatwa kwa mistari, kama kwa wembe: kingo za mifereji au mdomo wa mtutu ni mkali. Mtutu mpya hulainika baada ya mamia ya risasi. Ukiendelea kukata, upeleke kwa fundi wa bunduki.
- Masizi yamevuka duara hadi pembeni: moto unapita ubavuni. Gololi ndogo, au kitambaa hakijai mifereji.

Kitambaa chenyewe kiwe pamba tupu iliyosukwa kwa kubana, ile ya kushonea foronya za godoro. Chenye nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha gundi ndani. Kifue kwanza kutoa wanga wa kiwandani. Na ukinunua, nenda dukani na kipimo cha unene. Maneno "kinene" na "chembamba" ya muuzaji hayana maana.

## "Lakini kaka..."

"Baruti nyingi si ndiyo nguvu nyingi?" Kidogo tu, tena karibu. Gololi ni duara, upepo unaikamata. Ikitoka na kasi ya futi 1,900 hivi kwa sekunde, ikifika yadi 100 imebaki na karibu nusu. Greni 20 za juu unazolipia kwa moshi na bega zinaliwa njiani. Kipo pia kiwango ambacho mtutu wako hauwezi kukichoma chote kabla risasi haijatoka. Tandaza shuka jeupe au subiri theluji, utaona chenga nyeusi zilizomwagika bila kuungua. Mbawala, paa au kulungu, mnyama hufa kwa risasi iliyopita mahali pake.

"Rafiki yangu anatumia 100 na anapiga vizuri." Hongera zake. Mtutu ni wake.

"Kufuta kila mlio ni kupoteza muda, porini nitafuta saa ngapi?" Swali zuri. Ndiyo maana mtutu safi ndio ninaoujali: mlio wa kwanza porini hutoka kwenye mtutu safi na baridi, na mara nyingi hakuna wa pili. Ukishapata mchanganyiko wako, tenga asubuhi nne tofauti, piga moja tu kila asubuhi kwenye karatasi ile ile. Karatasi hiyo ndiyo ya kubandika ukutani.

"Gobore langu ni la kisasa, la fataki ya 209 na darubini, haya yananihusu?" Karibu yote, toa kitambaa. Kuanzia Knight MK-85 ya 1985, fataki hukaa nyuma ya baruti moja kwa moja, na uwashaji ni wa uhakika zaidi. Kwako cha kubadili baada ya kiasi ni saboti. Risasi ile ile kwenye saboti ya rangi nyingine hubadilika kabisa, kwa sababu unene wa plastiki umebadilika. Iingie kwa kusukuma imara bila nyundo. Na mtutu ukipata moto plastiki hulainika, kwa hiyo pumzika dakika chache kati ya milio.

"Na gumegume?" Pennsylvania ina msimu wa gumegume tu tangu 1974, baada ya Krismasi, theluji ikiwa magotini. Neno lenyewe mabibi zetu wa pwani walilijua kabla mimi sijaliona huku. Kwenye jaribio, tofauti ni cheche: jiwe likiwa butu, mlio unachelewa, wewe unatikisika, na unalaumu baruti. Noa au geuza jiwe kila baada ya milio kumi na kitu, kisahani ukijaze nusu tu, na unga usizibe tundu la moto. Ukisikia *fshh... duu* badala ya mlio mmoja, rekebisha kisahani kabla hujaandika chochote daftarini.

## Makosa ninayoyaona, na moja langu

- Kupiga risasi thelathini mfululizo siku ya kwanza. Baada ya ishirini unaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Matundu huyaoni yakiharibika, unaona tu gobore limebadilika.
- Kusogeza kilengeo kila baada ya mlio mmoja. Subiri tatu.
- Kuhifadhi vitambaa vilivyopakwa mafuta ndani ya mtutu ulioshindiliwa usiku kucha. Mafuta huingia kwenye baruti; asubuhi unapata *pss*.
- Kubadili kopo la fataki katikati ya majaribio.
- Kuongea wakati wa kushindilia.

Hili la mwisho ni langu. Nilikuwa namweleza jirani bei ya matairi, nikasahau baruti, nikashindilia gololi juu ya hewa. Ikashuka vizuri ajabu. Nikaweka fataki: *pap*. Nyingine: *pap*. Mstari wa mdeki ulikuwa umezama kuliko kawaida, nikajua. Tiba zipo tatu: pampu ndogo ya hewa ya kaboni inayosukuma gololi itoke (nzuri kuliko zote), skrubu ya mwisho wa mdeki ya kuing'oa baada ya kuondoa fataki na kuhakikisha hakuna baruti kabisa, au kupenyeza chembe za baruti kupitia tundu la fataki, kuhakikisha kwa mdeki kwamba gololi bado iko chini kabisa, na kulipua kuelekea shabaha. Ukiwa huna uhakika kama baruti imo au haimo, usichimbe. Mwite msimamizi wa uwanja.

## Jioni ile ile

Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa, na kutu huanza usiku huo huo. Usiseme utasafisha Jumamosi. Maji ya moto na sabuni kidogo, vitambaa mpaka vitoke vyeupe, kausha, kisha mafuta. Blackhorn haitaki maji, inataka dawa yake ya kusafishia. Sufuria ya kazi hii isirudi jikoni, na kama utafanyia bafuni, fungua dirisha kabla mwenye nyumba hajauliza nani kaleta mayai viza.

## Na kama yote yamegoma?

Umefanya ngazi zote, vitambaa vinatoka vizima, bega limeiva, na karatasi bado ni ya kuku na mtama. Kabla hujaanza ngazi upya, kagua kwa mpangilio huu: skrubu za vilengeo au za darubini, kabari au skrubu zinazoshika mtutu kwenye kitako, mdomo wa mtutu, kama una mkwaruzo hata mdogo, kisha msokoto tena, usome upya kwa macho yako.

Yule mzee wa benchi la mwisho aliniuzia gobore langu la pili. Lilinitesa wiki tatu, ratili nzima ya baruti na zaidi, daftari likajaa. Nikampigia kutaka kulirudisha. Akaniuliza kama nimetikisa kilengeo cha nyuma. Nikakishika kwa vidole viwili, kikacheza kama jino la mtoto.